Kuku Nyuma ya Kaunta

Kiirua, Meru.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Kailemia,

Salamu kutoka kwenye baridi ya nyumbani. U mzima? Joto la Doha linakuacha ulale? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama, nalo unalijua.

Uliniuliza kama tumshauri Mama afunge duka, kwa kuwa supamaketi kubwa imefunguliwa ng'ambo ya barabara. Badala ya kubishana nawe kwa simu, jana nilikwenda kukaa naye kutwa nione mwenyewe.

Kwanza nilipita supamaketi. Ushamba ulinishika, sikatai. Mkate unaokwa humo humo, na watu wanasukuma vigari vitupu wakitazama tu, kama mimi.

Kwa Mama nikakuta watu wengi kuliko zamani, na hakuna anayenunua. Kumbe soja wa supamaketi haruhusu panga wala kuku kuingia, na watu wetu hutoka shambani moja kwa moja. Basi wanapitia kwake: "Mama Kailemia, niwekee hii kuku, naingia hapo mara moja." Kufikia saa sita nilikuwa nimebanwa kati ya mapanga na jogoo mwenye hasira.

Nikamuuliza kwa nini anawatunzia mizigo wakapeleke pesa kwingine. "Sasa niwafukuze? Si ni watu wetu," akasema.

Akanisimulia kwamba Alhamisi alipokwenda kutibiwa goti, wenye kuku walirudi nao nyumbani bila kununua chochote. Kesho yake meneja wa supamaketi akavuka barabara kumuuliza huwa anafungua saa ngapi. Nilicheka mpaka machozi. Nikadhani nimepata jibu lako, kwamba mkubwa anamhitaji mdogo.

Mama hakucheka. Alikuwa akipangusa vumbi kwenye pakiti za sukari. "Wanakuja, Kagwiria. Lakini tangu Krismasi hakuna mtu ameniuliza sukari."

Iliniuma, kaka. Watu anao, wateja hana, na kwake hayo mawili si mamoja. Bado sijui duka lisilouza tuliite nini, ila najua hataki kulifunga.

Wasalimie Thuranira na Felicitas unaokaa nao. Gladys wa jirani anauliza kama umenenepa.

Desemba ukifika, usimbebee Mama zawadi. Ingia dukani kama mteja, uitishe sukari, umwache akufungie mwenyewe.

Mungu akuzingire kwa rehema zake.

Dada yako akupendaye,
Kagwiria