Samli ya Mama Kheiria

Darsait, 28 Septemba 2025

Dada Semeni,

Shikamoo. Hujambo huko Hail? Kwa mabosi wapya umezoea? Mimi mzima, ila moyo hauna raha.

Jumatano jua likizama naanza kufunga. Sisi Wayahudi wa Mbale tuna siku ya toba, hatuli wala hatunywi mpaka jua la kesho yake lizame. Lakini nikiwa nimemkosea mtu, Mungu hanisikilizi mpaka nimwombe mtu mwenyewe. Yule panya kwenye samli, mimi ndiye niliyeacha kopo wazi. Nikamtoa kwa mwiko, nikapika biriani. Mgeni mmoja alipokuta manyoya, nikamwambia bosi wetu Mama Kheiria kwamba umepika wewe. Nisamehe.

Mdogo wako,
Namuddu

Hail, 29 Septemba

Namuddu,

Sijambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma. Nilikula sahani mbili za biriani ile, wewe ukinitazama, ukasema umeshiba! Nikafukuzwa mbele ya wageni, naitwa mchafu, nawe umeinama unasugua masufuria. Msamaha huo sina.

Dada yako,
Semeni

Darsait, 30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Umeamka salama? Nakuomba tena. Hii ni mara ya pili. Kwetu mtu akiombwa mara tatu akakataa, aliyeomba hana lawama tena.

Mdogo wako,
Namuddu

Hail, 30 Septemba

Kumbe unahesabu! Unisumbue mara tatu, kisha ukae na njaa yako ukijiona msafi? Unanitia kinyaa kuliko yule panya. Yeye alitumbukia bila kujua. Usiniandikie.

Semeni

Darsait, 3 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Natumai u mzima. Jana nimefunga huku napika. Samli ilipoanza kunukia nikatapika nyongo tupu kwenye sinki, nikajichukia. Mama Kheiria akaja kuuliza kama ni homa. Nikamweleza yote, hata ule mwiko. Akakaa chini, akasema, "Kumbe nlimfukuza mtoto wa watu bure." Tangu hapo hali nikipikacho. Jumapili ananirudisha kwa wakala aliyenitafutia kazi. Wewe atakupigia mwenyewe.

Sikuombi kitu. Barua hii usiihesabu.

Mdogo wako,
Namuddu

Hail, 4 Oktoba

Mdogo wangu Namuddu,

Hujambo? Umekula? Mama Kheiria kanipigia, kalia, nikamwambia yamekwisha. Wewe bado nakuonea kinyaa, sikufichi, na biriani yako siigusi tena maishani. Ila umeniomba mara mbili tu. Imebaki moja. Niombe.

Dada yako,
Semeni