Jeraha Nililoandika Kuwa la Panga

Newala, Ijumaa. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri na upepo wa huku juu unapenya hadi kwenye mifupa.

Nilimtia ndani mtu asiye na hatia kwa kalamu yangu.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, hapahapa Newala. Siku moja waliniletea maiti ya Mama Zuhura, mkulima wa Chilangala, aliyekutwa kwenye mikorosho yake amekatwa shingoni. Daktari alikuwa safarini, kwa hiyo nilimpima mimi. Koplo wa polisi alisimama mlangoni na panga la mume wa marehemu.

"Andika panga, dresa," aliniambia. "Lina damu, na majirani waliwasikia wakigombana."

Jeraha lilikuwa jembamba mno kwa panga. Niliona. Nililipima kwa uzi, nikalichora kwenye daftari langu, kisha kwenye ripoti nikaandika: panga. Nilitaka tu koplo aondoke.

Baba Zuhura akawekwa rumande. Mimi nikahamishiwa Masasi, nikajitahidi kusahau.

Jumatatu wiki hii wakaniletea maiti ya mzee wa Lukuledi, mchunga mbuzi. Nilipomfuta damu shingoni, mkono ukasita. Mkato mwembamba, umetoka nyuma, umezama upande wa kulia na kufifia kushoto. Nikafungua daftari, nikauchora kando ya ule wa Mama Zuhura. Ungedhani mchoro ule wa kwanza nao nimeuchora asubuhi ile.

Na Baba Zuhura alikuwa bado yuko ndani.

Bibi Daktari wa Masasi, mmisionari mzee aliyesomea Ufaransa, alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alivuta kigoda, akanisimulia habari za mtu mmoja wa huko, zamani za wazazi wake, aliyekuwa akitangatanga vijijini akiomba chakula na kuwaua wachungaji. Kila kijiji kilimshika mtu wake: jirani, au yeyote asiyependwa. Wengine waliachiwa, lakini hawakusalimiwa tena mpaka kufa kwao. Ndipo hakimu mmoja akakusanya majalada ya wilaya mbalimbali, akayapanga mezani pamoja, akaona mkono ni mmoja. Aliweza kwa sababu baadhi ya madaktari walikuwa wamekwisha kufundishwa kupima jeraha na kuandika walichokiona, siyo walichoambiwa.

"Hapa aliyeziona maiti zote mbili ni wewe peke yako," alisema. "Ukinyamaza, hakuna atakayeyaweka majeraha haya mezani pamoja."

Jumanne nilikwenda bomani na daftari langu. Inspekta alilitazama muda mrefu, huku picha ya Malkia wa Uingereza ikinikodolea macho kutoka ukutani.

"Kwa hiyo ripoti yako ya kwanza ni ya uongo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Unajua unaweza kufungwa?"

"Najua, Bwana."

Sikujua.

Leo tumepanda huku kwa lori la polisi. Hakimu amenisikiliza, ameilinganisha michoro, ameagiza Baba Zuhura aachiwe. Shauri langu litasikilizwa baadaye, na sitaruhusiwa tena kutia sahihi ripoti yoyote. Chilangala na Lukuledi kote wanamkumbuka mgeni mmoja aliyekuwa akiomba maji nyumba kwa nyumba. Askari wanamtafuta. Bado yuko njiani mahali fulani, na hilo linanifanya nigeuke kila ninaposikia hatua.

Nilimsubiri Baba Zuhura nje ya lango la gereza. Amekonda, nguo zinamning'inia.

"Shikamoo, Baba Zuhura. Mimi ndiye niliyeandika panga."

Hakuitikia marahaba.

"Yule koplo hanijui," alisema. "Lakini wewe ulimfuta damu mke wangu. Uliona."

"Niliona."

"Zuhura hajaja kunitazama hata siku moja. Anaamini nimemuua mama yake. Mimi hatanisikiliza. Nenda wewe ukamwambie."

Kisha akaketi ukingoni mwa barabara, akakataa kwenda nyumbani kabla yangu.

Kwa hiyo kukipambazuka nashika njia ya Chilangala. Mbele ya hakimu nilikuwa na michoro ya kushikilia. Mbele ya binti yule sitakuwa na kitu. Nitaanza kwa kumtajia jina langu, kisha nitamwambia nilichokiona.