Ng'ombe Wameingia Mahindini

Soweto East, Kibera
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa watoto. Natumaini goti lako limepoa na mvua haijaharibu maharagwe. Sisi tunapumua, ingawa usingizi umenihama. Naandika nikiketi na kusimama. Chai nimeichemsha na kuisahau. Barua hii naituma kwa mkono wa Khamala, anayekuja huko nyumbani, kwa sababu kwenye simu, nikimtaja tu kaka Lusweti, unakata.

Unajua alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akipigilia mbao huko Riruta Satellite. Usichojua, kwa kuwa hukunipa nafasi, ni kwamba aliumia ubongo, akalala wiki tatu bila kufumbua macho. Sista Kavindu, nesi wa wodi yake, alitufundisha kumwamsha kwa njia ya hisi: tumwite jina na kumweleza sisi ni nani, tumwekee mkononi kitu anachokijua, tumnusishe harufu aliyoizoea. Jambo moja kwa wakati, kisha apumzike, maana kelele nyingi humchosha. Hakuahidi kitu. Alisema wengine huitika, wengine hawaitiki.

Mkewe Wanja alileta maranda ya mbao kutoka karakana yao ya Kawangware, akayasogeza puani mwake. Hakutikisika. Mimi nikaleta mboga ya mrenda ya moto, ile ya kwetu. Kimya. Rafiki yake Isaac ndiye aliyetuchekesha. Alimwinamia akamwambia, "Niaje Lusweti! Gor wamepiga Ingwe nne bila, na wewe umelala tu hapa kama gunia!" Mechi yenyewe ya timu hizo za mpira haikuwepo. Wanja alicheka hadi akalia. Sista hakucheka. Alimwonya Isaac kwamba mgonjwa huenda anasikia, basi asidanganywe hata kwa mzaha, maana akiamka ataamkia huo uongo.

Maneno hayo ndiyo yanayoninyima amani, mama.

Unajua watu wanavyochanganya sauti zetu kwenye simu, wewe na mimi. Siku hiyo, Wanja alipotoka kwenda kununua maziwa, nilimwinamia kaka nikaita kwa sauti yako, vile ulivyokuwa ukiita tukiwa wadogo: "We Lusweti! Ng'ombe wameingia mahindini na wewe umelala!" Kidole chake kikasogea. Sista alisema huenda ni misuli tu, tungoje. Kesho yake nikaita tena, nikamwambia anifinye mkono. Akafinya. Nikamwambia aachilie. Akaachilia.

Ningeishia hapo. Lakini nilikumbuka mazishi ya baba, vile Lusweti hakufika, na vile ulivyosema mbele ya ukoo wote kwamba asikuite mama tena. Niliogopa kwamba anakawia kurudi kwa sababu hana pa kurudi. Basi kwa sauti hiyo hiyo yako nikamwambia, "Mwanangu, nimekusamehe. Rudi nyumbani." Jicho lake likatoa maji. Sikumuuliza Sista kama hilo nalo ni misuli.

Jumatatu alifumbua macho. Leo ametamka neno lake la kwanza, kwa taabu: "Mayi." Wanja, ambaye hajui kwamba ndivyo tunavyokuita nyumbani, alidhani anaomba maji, akamletea kikombe. Akakisukuma. Nyayo zikisikika tu nje, anageuza macho mlangoni. Sijamweleza Wanja. Sijamweleza Sista. Nashindwa hata kumtazama kaka usoni.

Nisamehe kwa kukutilia mdomoni neno ambalo hukulisema. Sikuombi udanganye kama nilivyodanganya mimi. Ukiweza kulisema kwa moyo wako, njoo na Khamala, anarudi huku Jumapili. Usipoweza, baki nyumbani, nami nitamwambia ukweli kwa sauti yangu mwenyewe. Ila usije ukasimama mlangoni ukanyamaza, maana atakuwa anatazama.

Nisalimie shangazi Sella na wote wanaoota moto jikoni kwako. Goti ulifunge kitambaa cha joto.

Ni mimi bintiyo,
Phanice