Vijino vya Kaseti

Berlin, 6 Machi 1994

Mdogo wangu Marva,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaonisuta kila nikiinama. Mama hajambo? Na goti lake? Mwambie soksi zimefika, na jozi moja Norman ameshaniibia. Norman ndiye mwenzangu wa kontena tunamolala hapa kwenye ujenzi, mtu wa Sunderland, anakoroma kama trekta.

Kaseti yenu niliipata Ijumaa. Niliiweka kwenye redio kubwa ya Norman, nikamwambia afungulie sauti mpaka mwisho, kisha nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye kreni. Unamkumbuka Baba: muziki hauhukumiwi mbele ya spika, maana mbele ya spika hata upuuzi unakutikisa. Nenda kwenye kona, alikuwa akisema, ukasikie kinachobaki. Ndiyo maana tangu utoto nilikuwa nasimama kwenye kona ya City Road mvua ikininyea, nyinyi mko chumba cha chini na yale masanduku ya spika aliyoyaunda kwa mikono yake, na nikiridhika nainua mkono, unauona kupitia kidirisha.

Pale kwenye kreni besi ilinifikia kama mtu mwenye mawazo anayetembea ghorofa ya juu. Midundo ya Gethin haina haraka na mtu. Na sauti yako imekaa kando, kama mgeni aliyekataa kiti. Nilisimama mpaka nyapara akaja kuniuliza kama nimeganda.

Imeiva, Marva. Nimeliandika neno hilo kwenye lebo, na vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni nimevivunja, kama kawaida yetu, asije mjinga akarekodi kitu kingine juu yake; nairudisha na barua hii. Mwambie Gethin asiguse tena hata sekunde. Yule mtoto wa Wales ukimwachia sufuria atakoroga uji mpaka uwe mkaa.

Kaka yako,
Lyndon


Bristol, 20 Novemba 1994

Kaka Lyndon,

Habari za huko? Mgongo unasemaje? Sisi tu wazima, ila kulala ndiko tulikokusahau.

Sijui nianzie wapi. Purdown, bendi ya chumba cha chini, imekaa mbele ya gazeti. Kwenye picha Gethin kajificha nyuma ya nywele zangu, anaonekana sikio tu. London wametupa tuzo. Mama ameiweka juu ya televisheni na kuitia maua ya plastiki, anasema ndilo jagi zito kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Tokyo watu walisimama kimya mpaka mwisho, nikadhani wametuchukia, kumbe ndiyo heshima yao. Juzi nimekwenda kung'oa jino, nimepanua mdomo, na kwenye redio ya daktari ni mimi mwenyewe ninayejiimbia. Nilitaka kucheka, akanizuia kwa koleo.

Mwandishi mmoja alimuuliza Gethin siri ya sauti yetu ni nini. Akamwambia, "Kuna mtu anasimama kwenye kona." Walicheka wote. Sisi hatukucheka.

Kampuni ya muziki inataka albamu ya pili kabla ya kiangazi. Gethin amewaambia haitoki mpaka Lyndon avunje vijino. Basi jitunze.

Mdogo wako,
Marva


Berlin, 15 Januari 1995

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama na Mama amekula vizuri Krismasi. Sisi tulikula soseji na kugombana.

Usikasirike, lakini nitakwambia. Dada yake Norman ana albamu yenu. Anasema anaiweka akiwa na wageni mezani kwa sababu haisumbui chakula. Nilimwambia Norman dada yake ana masikio ya mbao. Akasema hapana, ana wageni wengi tu.

Huyu Norman anarekodi mechi za timu yake kutoka redio ya London, kisha anazisikiliza wiki nzima kama hajui matokeo. Alishafuta kaseti ya masomo ya Kijerumani ya jamaa mmoja, wakakaribia kupigana. Nikamfundisha sheria yetu: kaseti iliyovunjwa vijino usiiguse, yenye vijino haina mwenyewe. Tangu hapo kuna amani.

Mimi wamenipa mashine ya kupasulia zege, tangu asubuhi mpaka jioni. Jioni nasikia birika linachemka chumba cha pili. Nakwenda kulizima, hakuna birika. Nikilala vizuri litapita.

Kaka yako,
Lyndon


Bristol, 2 Machi 1996

Kaka,

Salamu, na pole kwa ukimya. Mama anakusalimu, anasema simu ukipiga unapiga kelele kama unaita mbwa.

Mwaka mzima tumekaa kule chini. Gethin anarekodi ngoma, anaipeleka ikachapwe kwenye santuri, anaikwaruza sakafuni ili izeeke, anaipiga, anairekodi tena. Nje huko kila mji una kundi lenye midundo ya polepole na msichana anayenong'ona. Wanauza kahawa kwa sauti zinazofanana na yangu. Kampuni inasema tukichelewa tutaonekana tunawaiga wanaotuiga.

Tunakuja Berlin tarehe 19 Aprili. Tutapiga nyimbo mpya, na sitaki makofi ya mtu yeyote ila mkono wako.

Mdogo wako,
Marva


Hamburg, 23 Aprili 1996

Lyndon,

Sikuulizi hali. Nilikuona. Wimbo wa pili haujaisha, umevaa koti, umefungua mlango, umetoka. Nilikungoja wimbo wa tatu, wa nne. Mkono sikuuona. Baada ya hapo sikujua tena ninaimba nini, na Gethin akawa anakosea vitufe kwenye mashine. Onyesho la hapa Hamburg tumelifuta, na yaliyobaki pia.

Kama ni mbaya ungekuja nyuma ya jukwaa ukaniambia, "Marva, ni mbaya." Hukuwahi kunificha kitu.

Marva


Berlin, 1 Mei 1996

Mdogo wangu Marva,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba utaisoma kabla hujaichana.

Nilitoka kwenda kwenye kona. Ulitegemea nisimame wapi? Nilivuka barabara, nikasimama mbele ya duka la viatu, nikangoja besi. Sikusikia kitu. Nikadhani mmeacha kupiga. Nikarudi nikaweka kiganja kwenye ukuta wa ukumbi, ukuta unatetemeka. Nikaenda tena kwenye kona. Birika tu. Nilikaa pale mpaka watu wakaanza kutoka, wakanipita midomo ikichezacheza.

Sikio la kushoto limekufa, Marva. La kulia lina lile birika. Mtu akisimama mbele yangu na kupaza sauti namwelewa, zaidi kwa kumtazama mdomo. Nyapara hajui, akijua nitarudishwa, na nikirudi Bristol nitafanya nini? Nisingeweza kuinua mkono kwa kitu nisichokisikia, na nisingeweza kuja nyuma ya jukwaa nikuharibie usiku. Kumbe nimeuharibu.

Tafuteni masikio mengine.

Kaka yako,
Lyndon


Bristol, 30 Juni 1996

Kaka Lyndon,

Hujambo? Mama analia, anasema alijua tangu simu zile. Mimi nimekuamini. Gethin hajaamini. Anasema mtu aliyesikia kosa la besi kupitia ukuta wa kanisa hawezi kuziba masikio hivi hivi. Anasema umeona aibu kutuambia tumeoza.

Ndani ya bahasha kuna kaseti, albamu nzima, nyimbo zote. Ametaka niandike hivi: vunja au usivunje, basi, maneno hayahitajiki.

Sasa ninasema mimi. Vivunje, kaka. Najua husikii. Vunja tu, utie kwenye bahasha. Huyu mtu hali chakula. Akiviona vimevunjwa ataipeleka kampuni na tutapumua. Ni uongo mdogo, na mimi ndiye ninayekuomba.

Mdogo wako,
Marva


Berlin, 14 Julai 1996

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Kaseti imefika.

Nimeishika jioni tatu na kisu mkononi. Siwezi. Mkono ule ulikuwa na maana kwa sababu sikuwahi kuuinua bure, hata kwa Baba mwenyewe. Nikivunja leo, basi hata ile ya kwanza hutajua kama ilikuwa kweli. Mwambie Gethin sisemi mbaya, sisemi nzuri, nasema sisikii. Aende kwenye kona mwenyewe, ana miguu.

Nimeiweka kwenye sanduku la viatu chini ya kitanda. Wiki ijayo naanza kwenda hospitali. Masikio yakirudi, hata kidogo, hiyo ndiyo nitakayoisikiliza kwanza.

Kaka yako,
Lyndon


Berlin, 22 Desemba 1996

Mdogo wangu Marva,

Heri ya Krismasi. Hii ni barua ya nne tangu Julai bila jibu. Masikio hayakurudi. Nyapara amegundua, lakini ameniacha nibebe mbao. Niambie tu kama mpo.

Kaka yako,
Lyndon


Bristol, 8 Februari 1998

Kaka Lyndon,

Salamu baada ya muda mrefu mno. Barua zako zote ninazo, nilizisoma, sikuweza kujibu. Mama alivunjika nyonga kabla ya Krismasi, bado yuko hospitali. Anakuulizia, kisha anasahau kwamba ameuliza.

Ulipokataa kuvunja, Gethin alisema hilo ndilo jibu. Akaanza upya. Mwaka mmoja na nusu, Lyndon, kila wimbo anaufungua na kuufunga tena. Sikuwahi kukwambia nilivyoiona mimi. Kaseti ile ya '96 ilikuwa na uhai. Baada ya hapo tulikuwa tunampaka maiti wanja. Kampuni ilingoja, ikatisha, mwezi wa kumi ikatuacha kwa barua yenye mistari mitatu. Nadhani hata aliyeiandika hakuwahi kutusikia.

Siku ile wanampasua Mama, mimi niko naye, Gethin alishuka kule chini akafuta kila kitu. Kanda kubwa, kanda ndogo, hata mazoezi. Nilimkuta ameketi kwenye sanduku la spika la Baba, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Akaniambia, "Sasa ni kimya, Marv. Sikiliza. Hiki kimeiva." Kesho yake mama yake alikuja kumchukua, wakaenda Wales. Simu hapokei.

Mimi nafanya kazi jikoni kwenye shule. Watoto hawanijui, ila mpishi mmoja aliniuliza kama si mimi niliyekuwa nikiimba zamani. Zamani, kaka. Nina miaka ishirini na tisa.

Kilichobaki cha miaka minne yangu kiko chini ya kitanda chako. Nitumie ile kaseti. Nataka kumpigia Mama kabla hajaisahau sauti yangu, kisha nione nani atakubali kuitoa, hata kama ni watu wa mwisho duniani.

Mdogo wako,
Marva


Berlin, 1 Machi 1998

Mdogo wangu Marva,

Mpe Mama mkono wangu, umshike kwa niaba yangu. Nitakuja Pasaka, nimeshamwambia nyapara.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikavuta sanduku. Kaseti haikuwepo. Nilimwandikia Norman jina la bendi kwenye karatasi. Akaenda kwenye rafu yake akarudi nayo mkononi. Kwenye lebo ameandika kwa penseli jina la timu yake.

Ni siku mojawapo nilipokuwa hospitali. Mechi inaanza, hana kaseti, akavuta sanduku langu, akatazama mgongo wa kaseti, vijino vyote vipo. Siku hizi tunaongea kwa karatasi, kwa hiyo nakuandikia kama alivyoandika yeye: "Ningeviona vimevunjwa nisingeigusa, mzee. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Ni kweli nilimfundisha.

Upande wa kwanza wote ni mechi. Upande wa pili timu yake ilifungwa, naye akazima kwa hasira kabla ya mwisho. Baada ya hapo, anasema, kuna kitu chenu kimebaki. Nilimwomba aende nje mpaka kwenye kreni. Mimi nikafungulia sauti yote, nikaweka kiganja kwenye spika na kumtazama kupitia dirishani. Mvua ilikuwa inamnyea. Nilihisi besi inaanza, polepole, haina haraka na mtu. Nikamngoja ainue mkono. Hakuinua. Spika ikanyamaza chini ya kiganja changu, naye bado amesimama vile vile, mikono chini.

Nilimfuata. Nikamuuliza kwa sauti, "Mbaya?"

Alinitazama ili nione mdomo wake. "Nilisahau," akasema. "Nilisahau kuinua."

Anasema ni wimbo mmoja na nusu ya mwingine. Anasema unaimba kama mtu anayeosha vyombo nyumba ya jirani, hajui kama anasikika. Ananiomba nimwombee msamaha kwako. Nimemwambia aandike mwenyewe, ameshindwa.

Nakutumia. Neno letu sikuliandika kwenye lebo, maana sikusikia, na kwako sitaanza uongo leo. Nimefuta jina la timu na kuandika lako. Vijino nimevivunja vyote viwili, asije mtu tena akarekodi juu yake. Nimevitia ndani ya bahasha, usije ukadhani vimevunjika njiani.

Kaka yako,
Lyndon