Wifi na Dawa Iliyotoka kwa Ng'ombe

Wifi yangu Mwanahawa, mgomvi wangu,

Kaka yako hajambo. Bado anakoroma, bado nakulaumu wewe uliyeninasihi niolewe naye.

Nikuambie kweli, sijaacha kushangaa. Nakuona ulivyokuja kwetu Kibuta: umekonda mpaka kanga haishiki kiunoni, unamaliza mtungi wa maji, unakula sahani ya ugali na kuomba nyingine. Nikakutania, "Wifi, minyoo hiyo au uroho?" Hukucheka. Ulikuwa unakufa, na sote tulijua.

Hospitalini Dar es Salaam mganga akatufahamisha: chakula kinageuka sukari kwenye damu, lakini pasipo insulini, ambayo mwili wako umeacha kuitengeneza, sukari hiyo haiingii mwilini ikawa nguvu. Inazunguka tu, kisha inatoka na mkojo. "Kumbe nakufa njaa na tumbo limejaa!" ukasema. Na hiyo insulini ya kukuchoma imetolewa kwenye kongosho la ng'ombe! Subhanallah! Ng'ombe huyu huyu ambaye tunakunywa supu yake.

Ukachomwa sindano, ukajifunza kujichoma, ukanenepa, ugomvi ukakurudia. Ikaingia Ramadhani. Alfajiri ukajichoma, ukakataa kula. "Nimepona. Nafunga kama wenzangu." Kabla ya adhuhuri ukaanguka shambani kwenye mihogo, jasho linakutiririka, watu wanapiga kelele, "Pepo huyo! Leteni ubani!" Mimi nikakumbuka onyo la mganga, kwamba dawa ikikuta tumbo tupu huishusha sukari mno. Nikakupaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo. Ukafumbua macho. "We mwanamke, umenifuturisha mchana?"

Nikacheka, nikalia. Sukari ile ile iliyokuwa inakumaliza ndiyo iliyokurudisha. Mungu ana mambo.

Ukaona haya kula mchana wa Ramadhani, ijapokuwa shehe alikuruhusu. Basi kila nilipokuwa na udhuru wangu wa kike, tukajificha nyuma ya jiko tukala pamoja, tukiwasengenya waliofunga. Nilikupenda sana, wifi.

Homa ndiyo iliyokuchukua, miaka mingi baadaye. Chupa yako moja ya insulini ilibaki haijafunguliwa, nikaipeleka kwa mganga wa hospitali ya Kisarawe. Nikamkuta binti aliyeletwa kutoka Kibaha, mifupa mitupu, anaomba maji. Mama yake akanishika mkono. "Dada, ataishi kweli?"

Nikakaa na mama huyo kwenye benchi nikamhadithia habari zako zote, mpaka matusi yako. Alipocheka, ndipo nilipokulilia.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako mkoromaji.