Mkweo Alihesabu Hewani

Mama,

Sijui kama habari za huku zinakufikia, basi nakuletea mwenyewe. Maharage tumevuna. Mbuzi wako mwekundu amezaa. Na mimi bado nina hasira, Mama, hasira ya kulala nayo na kuamka nayo.

Juma moja baada ya kukuzika, simu ililia. Alikuwa yule dada wa mazoezi wa hospitalini Kasulu, aliyekuwa akikupima kwa simu ulipougulia hapa kwetu Titye, ili moyo wako usihangaishwe na barabara. Unakaa kitini, unasimama bila kushika kitu, unakaa tena, dakika nzima, kisha anamuuliza mwenye simu umesimama mara ngapi na kama unahema. Hakujua umekufa. Akasema kwa furaha, "Leo mama apime tena. Mara ya mwisho alisimama kama msichana!"

Kama msichana! Wewe uliyekuwa ukitoka jikoni unapumzika katikati ya ua?

Nikamwita mume wangu, maana mara hiyo ya mwisho simu aliishika yeye, nikamwekea sikioni. "Mjibu," nikamwambia. Akakiri yote. Ndipo nikajua kwamba siku ile hukuinuka kabisa. Ungeinama na kuinuka vipi mbele ya mkwe, wewe ambaye ukimwona njiani ulikuwa unaingia migombani mpaka apite? Ulibaki mkekani umejifunika kitenge usoni. Naye, kakupa mgongo kwa heshima zake, akawa anahesabu hewani: "Anasimama, daktari. Anasimama vizuri." Nje rafiki zake walikuwa wanamngoja na pikipiki, waende kutazama mpira. Dada wa watu akaamini, akakuacha na dawa zilezile.

"Niliona aibu," ndivyo mkweo alivyosema. Aibu! Mimi nilikuwa kwenye maharage, hapo chini ya nyumba. Angeniita tu, Mama. Ningesikia.

Wazee wananiambia ihangane, vumilia, yamepita. Hayajapita. Chai ya mkono wangu mkweo hajainywa tena.

Kisha mama yake akaja kutoka Muyama, miguu imevimba kama yako. Akapangiwa kipimo kilekile, kwa simu ileile, na safari hii simu nikaishika mimi. Mkweo alisimama mlangoni midomo imemkauka, maana alijua kilichomo moyoni mwangu. Na kilikuwamo, sikufichi. Nilitaka kusema, "Anasimama vizuri." Maneno yalishafika kwenye ulimi. Mkuki kwa nguruwe mtamu; nilitaka aonje na yeye.

Bibi akainuka, akakaa, akainuka tena, akashika ukuta akitafuta pumzi. Nikamtazama, nikakuona wewe. Nikasema yote kama yalivyokuwa. Dada akasema mleteni sasa hivi, na madaktari wakamwahi.

Mama yake aliporudi nyumbani, mkweo alinipigia magoti kunishukuru. Nikamwambia, "Inuka. Sikufanya kwa ajili yako."

Pumzika, Mama. Mimi kusamehe bado, na labda sitaweza. Lakini nakuahidi hili: bibi huyu nitamtunza kuliko mkwe yeyote alivyowahi kutunzwa. Nitampa dawa zake kwa wakati, nitampikia bila chumvi, nitamlea mpaka azeeke apitilize. Kila asubuhi mwanawe atoke amkute uani anaota jua, amwamkie, aitikiwe, na akumbuke kwamba mimi sina wa kuniitikia.

Bintiyo.