Swali la Bi Somoe kuhusu Bunge

Jumatano, Mtama

Nimeshindwa kumjibu Bi Somoe, na bado naona aibu.

Leo katika darasa la watu wazima nilifundisha habari za Bunge: kwamba wabunge tunawachagua sisi, kwamba hutunga sheria, na kwamba waziri akiulizwa mle ndani hana budi kujibu. Bi Somoe, jirani yetu tangu kijiji cha zamani, kabla serikali haijatuhamishia huku kwenye kijiji cha ujamaa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tulipohamishwa kuja huku, hao wabunge waliulizwa?"

Katibu wa tawi la chama, aliyekaa nyuma, akakohoa. Nikasema sijui, nitauliza.

"Uliza basi, mwanangu. Korosho zangu kule zinaliwa na nyani."

Watu wakacheka. Mimi nilikumbuka kule: ua wa mama uliofagiliwa alfajiri, na baba akivaa kanzu ya Idi kwenda kupiga kura yake ya kwanza. Alirudi akitabasamu. "Sasa na sisi tunasikika," alituambia.

Katibu namwogopa, sifichi. Lakini jioni hii nimemwandikia mbunge wetu swali lile, neno kwa neno, nikatia jina langu.

Mke wangu ameisoma barua mara mbili. Ameniletea bahasha.